Mshale wa Jumamosi Iliyopita

Kitendawili!

Umesema tega? Haya, natega. Nina mnyama wangu: kichwa chake hutangulia bila kujua nyuma kuna nini, na mkia wake ndio unaojua kama mwili wote umefika.

Nyoka? Hapana. Treni? Umekaribia, lakini huyu wangu hali makaa wala mafuta, hula mikate na mayai ya kuchemsha. Umeshindwa? Nipe mji. Ahsante, mji nimeupokea, nimeukaa, nimekula vinono vyake. Sasa sikiliza jibu: ni kikundi cha watembezi.

Walikuwa watu kumi na tisa. Kila Jumamosi asubuhi walipanda basi mpaka lami inapokwisha, wakashuka, wakaingia mashambani kwa miguu yao. Mmoja alitembea kwa sababu sukari imempanda, mwingine kwa sababu mume amestaafu na haondoki sebuleni. Mbele alitangulia tarishi mzee, aliyepeleka barua za watu miaka thelathini na minne na hajui kupita njia mara moja akaisahau. Huyo walimwita Kichwa. Nyuma kabisa alitembea mwanamke mwoka mikate, filimbi shingoni, na kazi yake ilikuwa moja tu: mtu yeyote asibaki nyuma yake. Mtu akiinama kufunga kamba ya kiatu, yeye husimama. Mtu akiingia kichakani kwa haja, yeye hugeuka upande wa pili na kuhesabu ndege. Wakamwita Bi Mkia, naye jina alilipokea kwa kicheko. Hata nyumbani kwake ndivyo alivyokuwa: chakula alijipakulia wa mwisho, na alilala wa mwisho.

Na walikuwa na sheria yao. Pakiwa na kona, Kichwa huokota vijiti vitatu, akapanga mshale chini kuonyesha upande. Pasipo na mshale, nyoosha mbele. Bi Mkia akishapita, huutawanya kwa ncha ya kiatu, usije ukampoteza mtu siku nyingine. Miaka mitatu alikuwa akitawanya mishale, hajawahi kuacha hata mmoja.

Mpaka alipokuja Fundi Saa.

Huyu alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkimya, na alama ya duara kuzunguka jicho la kulia kwa sababu ya kile kioo cha kukuzia anachokibana hapo siku nzima. Daktari wa macho ndiye aliyemleta. Alimwambia, "Wewe miaka ishirini na sita unatazama vitu vidogo kuliko punje ya mtama. Nenda mahali ukatazame mbali, la sivyo macho yako yatasahau kwamba kuna mbali." Basi akaja. Mwezi wa kwanza alitembea mbele, nyuma ya Kichwa. Mwezi wa pili akawa katikati. Mwezi wa nne kamba za viatu vyake zikaanza kufunguka kila baada ya hatua hamsini.

"Jamani," akasema wifi yake Bi Mkia mbele ya watu, maana naye alikuwamo kikundini, "mtu anayefunga skrubu ndogo kama yai la chawa, leo kamba ya kiatu inamshinda?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Fundi akawa mwekundu wa masikio, akaendelea kuifunga kamba yake, taratibu kabisa. Bi Mkia akasimama kumngoja. Si ndiyo kazi yake?

Sasa Jumamosi moja ukungu ulishuka, ukawa mzito kama maziwa. Kwenye njia panda, penye jiwe kubwa, Kichwa alikuwa amepanga mshale wa kuingia kushoto, kwenye majani nyuma ya jiwe. Wenzao walikwishapotea ndani ya weupe, sauti zao zikisikika kama watu wanaoongea chini ya blanketi. Fundi akasimama. Safari hii hakuinama kushika kamba.

"Bi Mkia," akasema, "nina neno moja, nimelibeba tangu mwezi uliopita, limenichosha."

"Litue basi."

"Nije kwenu, au nisije?"

Maneno manne tu. Lakini mwanamume wa makamo akimuuliza mwanamke mjane hivyo, hahitaji kamusi. Bi Mkia alisikia moyo wake ukipiga mpaka kwenye meno. Akafungua mdomo. Na wakati huo huo filimbi ya Kichwa ikalia huko mbele, pii!, kuuliza mkia uko wapi.

"Wanatungoja," akasema Bi Mkia, akaondoka mbio mbio. Ule mshale akauruka bila kuuona.

Kilimani siku hiyo hawakuona kitu. Walikula mikate ndani ya ukungu, kila mtu akijua jirani yake kwa sauti ya kutafuna, wakarudi mjini kwa njia nyingine.

*

Jumatano jioni kikundi hukutana kwa chai, kwenye chumba cha nyuma cha kiwanda cha mikate, majoko yakishazimwa. Ni chumba kizuri. Kuta zinabaki na joto mpaka usiku, magunia ya unga ndiyo viti, na meza ya kukandia ndiyo meza ya mkutano. Jumatano hiyo Kichwa alitandaza ramani aliyoichora mwenyewe nyuma ya kalenda.

"Jumamosi tunapita njia ile ile mpaka penye jiwe," akasema, "ila hatuingii kushoto. Tunanyoosha mpaka kwenye kinu cha zamani."

"Kuna mteremko?" akauliza mama mmoja mwenye magoti mabovu.

"Kidogo."

"Kidogo chako au kidogo chetu? Mwezi uliopita kidogo chako kilinilaza siku mbili!"

Wakati wanacheka, Bi Mkia alikuwa kwenye karo akiosha vikombe, mgongo ameupa watu. Wifi yake akaja na kitambaa, akaanza kukausha. Alikausha kikombe kimoja, cha pili, cha tatu. Mwanamke huyo akinyamaza vikombe vitatu, jua kuna mvua inakuja.

"Wifi."

"Abee."

"Mimi macho ninayo."

"Unayo, na mdomo pia unao. Sema."

"Yule mtu amekuuliza?"

Bi Mkia akasugua kikombe kilichokwisha kutakata. "Ameuliza."

"Umemjibu?"

"Bado."

"Bado!" Wifi akatupa kitambaa begani. "Sasa nisikilize mimi. Mama ana miaka sabini na tisa. Macho yake yamebaki ya kujua mwanga na giza. Nyumba ile anaijua kwa hatua, saba mpaka mlangoni, kumi na moja mpaka bafuni. Kwangu ni chumba na sebule, watoto wanne, na mama wa mume wangu analala kwenye kochi. Wewe ukienda kwa Fundi, mama aende wapi? Kwenye dirisha la duka, apangwe pamoja na saa?"

"Mimi nimekwambia naenda?"

"Hujaniambia. Ndiyo maana silali." Sauti ikampasuka kidogo. Akaishusha. "Na ile ni nyumba ya kaka yangu, wifi. Kiti chake bado kiko pale dirishani. Mimi nikija nikakikuta kitupu, angalau najua ni chake."

Bi Mkia akakiacha kikombe ndani ya maji. Miaka minane tangu mumewe afariki, alikuwa akikifuta vumbi kile kiti kila Ijumaa, na hakuna aliyemwambia afute. Akanyoosha mkono wenye povu ili amshike wifi yake, na hapo hapo mtu akakohoa nyuma yao.

Ni Fundi, amebeba sinia la vikombe vichafu. Alikuwa amesimama pale kwa muda gani, Mungu anajua.

"Vimebaki hivi," akasema.

"Weka hapo," akasema wifi, "na uende ukafunge kamba ya kiatu chako."

Fundi akatazama chini. Alikuwa amevaa ndara.

*

Jumamosi ilipofika, mavyaa wake Bi Mkia, yule mama mzee wa marehemu mumewe, alikuwa ameketi kitandani, miguu inaning'inia, anasikiliza mikate ikifungwa kwenye karatasi.

"Leo mnakwenda mbali?"

"Mpaka kwenye kinu, mama. Chai iko kwenye chupa, mkono wako wa kulia. Jirani atapita saa sita."

"Utarudi?"

"Nitarudi, mama."

Kila Jumamosi aliuliza hivyo hivyo, na kila Jumamosi alijibiwa hivyo hivyo. Lakini asubuhi hiyo bibi hakuuachia mkono. Aliushika, akaupapasa vidole kimoja kimoja, kama anayechambua mchele. Kisha akauachia. Bi Mkia alitoka, akapanda basi mkono ule ameufumba.

Njiani aliamua. Angemjibu Fundi siku hiyo hiyo, tena kwa upole, kwamba asije. Mtu mzima hapaswi kuwekwa kama nguo kwenye kamba, hajulikani amekauka au bado. Angemwambia, angelia kidogo jikoni, na maisha yangeendelea.

Ila kusema ni kazi. Walitembea saa nzima nyuma ya wenzao, wawili tu, na kila alipojiandaa, jambo likatokea. Mara ng'ombe kasimama njiani. Mara yule mama wa magoti kasahau fimbo yake. Mara Fundi mwenyewe anamwonyesha kitu.

"Tazama hili."

Lilikuwa ganda la konokono, dogo kama kidonge.

"Umelionaje hilo, Fundi?"

"Vidogo ndivyo vinavyoniita. Vikubwa sijavizoea." Akalirudisha palepale alipolitoa, kwa uangalifu, mdomo wa ganda ukitazama upande ule ule.

Moyo wa Bi Mkia ukamwuma. Wanaume wangapi wangelirudisha?

Wakafika penye jiwe. Wenzao hawakuonekana tena, walikwishakata kona ya miti. Kichwa hutembea akitazama mbele, lakini mkia hutembea ukitazama chini, na Bi Mkia akatazama chini kama kawaida yake. Kwenye majani, nyuma ya jiwe, mshale. Kushoto.

"Kichwa amebadilisha mawazo," akasema.

"Labda magoti yamelalamika."

Wakaingia kushoto. Njia ilipanda katikati ya miti, ikawa nyembamba. Bi Mkia alikuwa akipanga maneno kichwani: Fundi, wewe ni mtu mwema... Hapana. Fundi, Mungu akujalie... Hapana, hiyo ni ya msibani. Alipanga na kupangua mpaka alipogundua kwamba hasikii sauti ya mtu yeyote. Hakuna kicheko mbele, hakuna kikohozi. Akatazama udongo. Udongo ulikuwa laini, wenye unyevu, na hauna unyayo hata mmoja.

"Fundi, simama."

Akasimama.

"Ule mshale, vijiti vilikuwa vibichi au vikavu?"

Fundi akafumba macho, maana kitu akishakitazama hakimtoki. "Vikavu. Kimoja kina utando wa buibui."

Bi Mkia akakaa chini juu ya mzizi. "Si wa leo ule. Ni wetu wa Jumamosi iliyopita. Niliuacha."

"Wewe? Uache mshale?"

"Ulikuwa umeniuliza kitu."

Basi wakatazamana. Fundi alitaka kucheka, akaogopa. Bi Mkia alitaka kukasirika, hakujua amkasirikie nani. Mkia kupotea! Kikundi kingecheka mwaka mzima. Akashika filimbi aipulize.

"Ngoja kidogo," akasema Fundi. "Pale mbele miti imeisha. Kuna mwanga. Hatua ishirini tu, kisha upulize."

Zilikuwa hatua kumi na tisa. Ya ishirini hapakuwa na mahali pa kuiweka, maana nchi ilikuwa imekwisha.

Mwenzangu, nikueleze vipi? Ulikuwa ule ule ukingo waliokaa ndani ya ukungu wiki iliyopita, wakatafuna mikate, wakaondoka. Walikuwa wamekaa mlangoni mwa jumba la mfalme wakidhani ni ukuta. Sasa pazia limevutwa. Chini yao bonde lilifunguka mpaka macho yakachoka, na macho yalipochoka bonde lilikuwa bado linaendelea. Mto ulijikunja na kujikunjua, unang'aa hapa, unazima pale. Mashamba yalikuwa madogo kama viraka vya nguo ya mtoto. Kivuli cha wingu kimoja kilikuwa kikitembea juu ya yote hayo bila haraka, kikipanda vilima na kushuka, kikifunika kijiji kizima na kukifunua tena, na watu wa kijijini humo labda hawakuinua hata macho.

Kisha ndege wakaja.

Walitokea chini, ndiyo, chini ya miguu yao! Korongo, weupe wenye ncha nyeusi za mabawa. Kwanza kumi. Halafu mia. Halafu Bi Mkia aliyezoea kuhesabu akaacha kuhesabu. Walipanda wakizunguka, duara juu ya duara, na hakuna hata mmoja aliyepiga bawa. Hewa yenyewe iliwainua, kama hamira inavyouinua mkate. Walipita usawa wa nyuso zao, karibu hata sauti ya upepo katika manyoya ikasikika, sss, sss, na jicho la mmoja likawatazama. Wakaendelea kupanda, mpaka wakawa vumbi, mpaka wakawa hawapo.

Bi Mkia alijikuta ameshika mkono wa Fundi. Hakujua ni yeye aliyeushika au ameshikwa. Mashavu yake yalikuwa yamelowa na hakuwa na huzuni.

Fundi alivua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Hii," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini kama yuko ndani ya nyumba ya ibada, "nani anaitia ufunguo?"

"Mwenyewe yupo."

"Miaka ishirini na sita nafungua saa za watu. Nikiona gurudumu limekaa na mwenzake, nasema hapa pana akili. Kumbe nilikuwa nachungulia tundu la ufunguo." Akaelekeza kidole bondeni. "Bi Mkia, na kila siku huwa iko hapa? Hata Jumanne? Mimi nikiwa dukani, hii iko hapa?"

"Iko."

"Subhana," akasema Fundi.

Walisimama. Muda gani, hata yeye fundi wa saa hakuutazama. Kisha Bi Mkia akakumbuka wenzake kumi na saba wakienda kutazama kinu kibovu, na wifi yake miongoni mwao, na akaona ni dhambi kubaki na kitu kile peke yake. Akapuliza filimbi mara tatu. Mlima ukaijibu mara tatu.

"Wanakuja," akasema. "Fundi, kabla hawajafika nikwambie. Ulichoniuliza. Mimi siwezi." Maneno yote aliyoyapanga yakakimbia, yakabaki haya tu. "Siwezi kumwacha mama. Si mama aliyenizaa, lakini nilipofiwa tulilia kitanda kimoja. Asubuhi hii ameshika vidole vyangu kama mtu anayeaga. Siwezi kwenda kwako na kumwacha anahesabu hatua peke yake."

Fundi akamtazama, kwa macho yale ya kutazama kitu kidogo sana kilichoharibika.

"Kwangu?" akasema. "Nani amekuita kwangu?"

"Wewe."

"Mimi? Nilisemaje? Sema nilivyosema."

"Ulisema, nije kwenu, au nisije."

"Eeh. Nilisema *nije*. Sikusema *nikuchukue*."

Bi Mkia akalirudia neno lile kwa sauti ndogo: nije.

"Mimi kwangu kuna nini?" akaendelea Fundi, na maneno sasa yalikuwa yakimtoka kwa wingi, yeye asiyesema. "Nalala nyuma ya duka. Nina saa arobaini zinanipigia kelele, hakuna hata moja inayoniuliza kama nimekula. Mama yangu alikufa nina miaka sita. Wewe unadhani nakuja kukuomba umtue mama mzee mlangoni ndipo uingie? Mimi nimeomba nije. Nije niingie mimi. Nimwombe mwenye nyumba. Akisema hapana, nitashukuru kwa chai niondoke. Lakini nilisema nije, Bi Mkia. Neno lenyewe lina miguu, linatembea kuelekea kwenu!"

"Na mimi wiki nzima..." akasema Bi Mkia, akashindwa kumaliza. Wiki nzima alikuwa akilijibu swali ambalo hakuulizwa.

Matawi yakavunjika nyuma. Wa kwanza kutokea alikuwa wifi yake, kilemba kimefika shingoni, jasho, fimbo mkononi ameishika kama silaha.

"Mko hai? Mko hai! Basi nitawaua mimi! Mkia unapotea? Umewahi kusikia wapi mkia umepotea mnyama akabaki? Nimepanda mlima huu nikisema wifi yangu ameanguka korongoni, nitamwambia nini mama, kumbe yuko hapa ameshikana mi..."

Hapo ndipo alipoona.

Fimbo ikashuka taratibu. Kundi la pili la korongo lilikuwa likipanda kutoka bondeni, jua limewashika kwa chini, wanang'aa kama karatasi. Yule mwanamke ambaye hakuwahi kunyamaza zaidi ya vikombe vitatu alinyamaza. Wenzao wakafika mmoja mmoja, wakihema, na kila aliyefika ukingoni alikuwa na neno mdomoni na kila mmoja akalimeza. Mama wa magoti mabovu alikaa chini na kulia bila kujificha. Kichwa alivua kofia. "Nimepita hapa miaka thelathini na minne," akanong'ona, "na mkoba wa barua. Nikitazama anwani."

Wifi akaja kusimama kando ya Bi Mkia. Akasema polepole, bila kugeuka, "Kaka angependa hapa."

"Angependa."

"Angeimba vibaya, na hawa ndege wangekimbia."

"Wote."

Wakacheka kidogo, wakafuta macho. Fundi akasogea. Alikuwa ameogopa, ilionekana, lakini mtu aliyekwisha kuona jambo lile, wifi wa mtu atamtisha kwa lipi?

"Dada," akasema, "Jumatano niliwasikia kwenye karo. Sikukusudia. Naomba niseme mbele yako, isiwe nyuma yako. Nataka kumwoa wifi yako, na simwondoi pale. Ninahamia mimi, mama akiniruhusu."

"Unahamia wewe?" Wifi akageuka mzima. "Mwanamume unabeba shuka zako unakwenda kukaa kwa mwanamke? Watu watasema umeolewa!"

"Waseme. Nimezoea kelele, nina saa arobaini."

Mtu mmoja nyuma akapiga kicheko, akazibwa mdomo. Lakini wifi hakucheka. Aliichomeka fimbo ardhini. "Na kiti cha kaka yangu?" akauliza. "Utakikalia?"

Bi Mkia alihisi hapa ndipo, kwamba jibu hili likikosea kidogo tu, hakuna chai wala posa itakayolitengeneza tena.

Fundi hakuharakisha. "Hapana," akasema. "Kile ni cha mwenyewe. Mimi nitakuja na kiti changu. Ninacho, kigoda cha kufanyia kazi, kifupi, hakina mgongo. Utanionyesha wewe mahali pa kukiweka."

Wifi akamtazama. Akaangalia bonde. Akamwangalia tena, kuanzia alama ya duara kwenye jicho mpaka kwenye viatu, na kamba moja, Mungu shahidi, ilikuwa imefunguka, na safari hii ilikuwa imefunguka kweli.

"Karibu na mlango wa jikoni," akasema. "Pale hapakai mtu. Lakini pana upepo."

"Nitavaa sweta."

"Haya basi." Akajifuta uso na kile kilemba, akamgeukia Bi Mkia, sauti yake ya kila siku imerudi. "Na wewe je? Mimi nimehojiwa, mlima mzima umesikia, ndege wamesikia. Mtu amekuuliza neno, wiki nzima imepita, bado amesimama. Utamwacha aote mizizi?"

Watu kumi na tisa juu ya ukingo mmoja. Mbali huko kivuli cha wingu kilikuwa kimefika mtoni, kinavuka. Bi Mkia alitoa filimbi shingoni, akamkabidhi wifi yake aishike, kwa sababu alitaka kifua chake kiwe kitupu kwa jambo hili. Kisha akapita katikati ya wenzake wote, hakumngoja hata mmoja atangulie, akaenda kusimama mbele ya Fundi Saa.

"Uliniuliza uje, au usije," akasema.

"Ndiyo."

"Njoo."